Mama Kevina: sista aliyeacha kazi mikononi mwa mabinti wa Uganda

Kuna familia za Lweba, Baraka na Fizi zenye ndugu waliokimbilia Uganda wakati wa vita. Wale waliofika Kampala wanajua kilima cha Nsambya na hospitali yake kubwa. Hospitali hiyo ilianza chini ya mwembe, na mmoja wa walioianzisha ni sista ambaye watu walimwita Mama Kevina.

Alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 karibu na Arklow, Ireland, akaitwa Teresa Kearney. Baba alikufa mbele hajazaliwa. Mama naye alikufa Teresa akiwa na miaka 10, na nyanya aliyemlea akafariki alipofika miaka 17. Mwaka 1895 aliingia kwa masista Wafransisko wa Mill Hill, London, akapewa jina la Sista Mary Kevin.

Askofu Hanlon wa Uganda alikuwa anaomba masista wa kusaidia akina mama na watoto. Basi, mwezi wa 12 mwaka 1902 masista sita wakafunga safari. Walifika Nsambya tarehe 15 Januari 1903. Hapakuwa na jengo la hospitali, ndiyo maana wagonjwa walipokelewa chini ya ule mwembe. Ilikuwa miaka ya malale, ugonjwa uliomaliza zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa Victoria.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia, Nsambya ilipokea wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi mpaka wakaanguka. Hao nao Mama Kevina aliwahudumia.

Lakini kilichomuumiza zaidi ni akina mama waliokufa wakijifungua. Hapo kulikuwa na kizuizi: sheria ya Kanisa haikuruhusu watawa kuzalisha. Hakukaa kungojea. Alimtafuta daktari mwanamke ambaye hakuwa sista, Evelyn Connolly, na mwaka 1921 wakafungua Nsambya masomo ya wauguzi na wakunga kwa ajili ya mabinti wa Uganda. Roma ilikuja kuwaruhusu masista kufanya kazi hiyo mwaka 1936 tu. Miaka 15 yote hiyo, mabinti walikuwa tayari wanajifunza.

Mwaka 1923 aliendelea mbele zaidi. Huko Nkokonjeru alianzisha shirika la watawa Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, akianza na mabinti wanane. Haikuwa kazi rahisi, kwa sababu binti asiyeolewa wala kuzaa alionekana kama hasara kwa ukoo wake. Lakini Mama Kevina aliona kwamba wageni huja na kurudi, na kazi inadumu ikishikwa na wenyeji.

Katika miaka ya 1930 zilianza huduma za wagonjwa wa ukoma, Nyenga na Buluba. Shule ya wasichana ya Namagunga ilifuata mwaka 1942.

Mwaka 1952 masista wake wa kutoka Ulaya wakawa shirika linalojitegemea kwa ajili ya Afrika, naye akachaguliwa kuwa mkubwa wao wa kwanza. Alipumzika kazi hiyo mwaka 1955, akiwa na miaka 80. Lakini kupumzika gani? Alitumwa Boston, Marekani, na huko aliendelea kutafuta misaada kwa ajili ya Afrika. Alifariki huko tarehe 17 Oktoba 1957.

Mwili wake ulipelekwa Ireland, ukazikwa. Wakristo wa Uganda hawakukubali: Mama ni wao, arudi nyumbani. Kaburi likafunguliwa, mwili ukasafirishwa kwa ndege, na mwezi wa 12 mwaka huohuo akazikwa upya Nkokonjeru.

Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, hatua ya kwanza kwenye njia ya kutangazwa mtakatifu. Na Masista Wadogo, ambao mwanzo walikuwa wanane, wanafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania: katika hospitali, shuleni na kwa wale wasio na mtu wa kuwaangalia.