VIBOKO 195: HUO NI MZIGO MWEPESI?

Kijana, umewahi kumsikia mtu akijigamba kijiweni? Kapigana na mmoja, anasema kawaangusha kumi! Sasa ngoja nikusimulie habari za mtu aliyefanya kinyume.

Jina lake Sauli, mzaliwa wa Tarso, nchi ambayo leo ni Uturuki. Msomi wa dini, tena mkali. Stefano alipopigwa mawe hadi kufa, wauaji waliweka nguo zao miguuni pa Sauli. Akawa anawaburuta waamini gerezani, wanaume kwa wanawake. Halafu, akiwa njiani kwenda Dameski, YESU akamkamata! Akaanguka chini, akawa kipofu siku tatu. Aliyeinuka pale alikuwa mtu mwingine. Ndiye Paulo.

Tangu hapo mtesaji akawa mteswa. Mara tano alichapwa viboko 39. Piga hesabu, ni 195. Mara tatu alipigwa kwa fimbo. Alipigwa mawe. Mara tatu alivunjikiwa na meli. Siyo mchezo, rafiki! Lakini katika barua ile ile aliyoyataja hayo, ya pili kwa Wakorintho, mateso yake aliyaita mepesi, ya muda mfupi tu. Mepesi!

Kama mwaka 57 akawaandikia Warumi. Roma ndiko alikokaa Kaisari, na huko msalaba ulikuwa kifo cha watumwa na waasi. Paulo hakupiga kelele. Aliandika tu kwamba hana aibu juu ya Injili. Ni kama sisi tunavyosema "si haba" huku tukimaanisha ni tele. Injili ndiyo iliyokuwa fahari yake! Wakristo wa kale wanasimulia kwamba aliuawa huko huko Roma, enzi za Kaisari Nero.

Kwa nini alisema kidogo? Hakuwa anajikaza kiume. Aliyaweka mateso kwenye mizani pamoja na utukufu unaokuja, akaona hayana uzito.

Na wewe je? Labda unasema makubwa ili wenzako wasijue ulivyo mtupu moyoni. Mchana unacheka nao, usiku usingizi huna. Unaona aibu kuitwa mlokole. Rafiki, Yesu hakukuonea aibu wewe pale msalabani!

Maneno mengi hayahitajiki. Hapo hapo ulipo, mwambie kwa maneno yako mwenyewe kwamba umekosa, unatubu, na unamtaka awe Bwana wako. Aliyemgeuza Sauli hashindwi na wewe. Usiseme kesho. NI LEO!