Isidore Bakanja: fundi wa Mbandaka aliyesamehe bila kunyamaza

Watu wengi nchini Kongo wanalijua jina la Mwenyeheri Isidore Bakanja, na mara nyingi wanachojua ni kwamba alisamehe mzungu aliyemchapa. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine haisemwi sana makanisani, lakini bila hiyo msamaha wake hauwezi kueleweka vizuri.

Bakanja alizaliwa katika miaka ya 1880 kati ya watu wa Boangi, katika eneo la Ekwateri. Alipokuwa kijana alienda Mbandaka, wakati huo ikiitwa Coquilhatville, akafanya kazi ya kusaidia mafundi wa kujenga. Huko akakutana na mapadri Watrapisti waliotoka Ubelgiji. Alibatizwa tarehe 6 Mei 1906 na kupewa rozari na skapulari, kile kitambaa kidogo cha Bikira Maria kinachovaliwa shingoni. Kwa wakristu wa mahali pale skapulari ilikuwa alama yao. Mtu akiiona, alijua wewe ni wa nani.

Baadaye aliingia kazi ya boi kwa mzungu mmoja wa kampuni la SAB, lililokuwa likitafuta mpira na pembe za tembo, akamfuata mpaka kituo cha Ikili. Mkubwa wa kituo aliitwa Van Cauteren, na wenyeji walimpa jina la Longange. Mawakala wengi wa kampuni hawakuwapenda wamisionari, kwani wafanyakazi waliobatizwa walianza kujiona kuwa ni watu mbele ya mzungu. Bakanja alikuwa akiwafundisha wenzake kusali. Akaamriwa aache, na skapulari aivue. Aliomba ruhusa ya kurudi kwao, akanyimwa.

Alichapwa mara ya kwanza. Mara ya pili, mwezi wa pili 1909, Longange aliona skapulari ingali shingoni mwake. Akaikata, akamtupia mbwa wake, kisha akaagiza Bakanja alazwe chini. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo yenye misumari. Alipigwa zaidi ya fimbo 100, na mtu aliyeishika ile fimbo alikuwa mfanyakazi Mkongo kama yeye, aliyelazimishwa. Halafu akafungwa minyororo miguuni.

Hapa ndipo ile nusu nyingine inapoanza. Habari ilifika kwamba mkaguzi wa kampuni, Mjerumani aliyeitwa Dörpinghaus, yuko njiani. Longange alitaka kumficha mtu wake, akaamuru apelekwe kijiji kingine. Bakanja akajificha porini, na mgongo umeoza, mpaka alipopata nafasi ya kujikokota na kujitokeza mbele ya mkaguzi. Alimwonyesha vidonda. Alieleza nani alimchapa na kwa sababu gani. Mkaguzi alishtuka, akamtoa pale, na Bakanja akapelekwa Busira ili atunzwe.

Hakupona. Kwa miezi sita alikuwa akilala kwa tumbo, huku wakristu wa Busira wakimwosha na kumlisha. Kijana huyu hakuwa na hata miaka mitatu ya ubatizo alipochapwa. Hakusoma teolojia yoyote, na padri alikuwa mbali. Alichokuwa nacho ni sala alizofundishwa Mbandaka, na alizirudia kila siku na rozari mkononi. Mwisho wa mwezi wa saba mapadri wawili wakafika, wakampa sakramenti, wakamwomba amsamehe Longange. Akawajibu kwamba hana kinyongo naye, na kwamba akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa mwezi wa nane, 1909.

Kuna wanaotumia habari hii kuambia mtu anayeteswa avumilie na kufunga mdomo. Bakanja hakufanya hivyo. Alitafuta kuondoka Ikili, na alipozuiwa alitafuta shahidi. Hata pale Busira, waliomuuliza kilichompata aliwaeleza wazi. Yeye hakusema mateso ni mazuri. Ila hakukubali chuki ya Longange imwingie na yeye, na hilo alilipata polepole, kitandani, siku ambazo hapakuwa na mtu wa kumsifu.

Msamaha wake haukumwondolea Longange kesi. Mambo ya Ikili yalifika mbele ya hakimu na mzungu huyo akahukumiwa, jambo lililokuwa nadra katika Kongo ya wakati ule, baada ya Leopold II kuiachia Ubelgiji.

Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Bakanja kuwa mwenyeheri tarehe 24 Aprili 1994 kule Roma, maaskofu wa Afrika wakiwa wamekusanyika huko kwa sinodi. Wiki zile zile, ng'ambo ya Kivu, Rwanda ilikuwa ikiungua.