Ibn al-Haytham, aliyetufunza jinsi jicho linavyoona

Hasan ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, takriban mwaka wa 965. Kila anayesoma habari za nuru shuleni leo anakula matunda ya kazi yake, ajue asijue.

Wanahistoria wanasimulia kuwa alijigamba angeweza kuyadhibiti maji ya Mto Nile. Khalifa al-Hakim wa Misri akamwita. Alipopanda mto hadi karibu na Aswan, alipita majengo makubwa ya watu wa kale, akang'amua kuwa lau kazi ile ingewezekana, mafundi wale wangeshaifanya. Akarudi akakiri, akapewa kazi serikalini. Lakini al-Hakim alikuwa mwepesi wa kuua. Kwa kumhofia, Ibn al-Haytham akajifanya mwendawazimu, akafungiwa nyumbani hadi khalifa alipotoweka mwaka wa 1021.

Yaaminika ni katika miaka hiyo alipoandika Kitab al-Manazir, juzuu 7. Mabingwa wa Kigiriki, Euclid na Ptolemy, walikuwa wamefunza kuwa jicho hutoa miali ikaenda kugusa kitu. Yeye akauliza: mbona basi jua huliumiza jicho? Na vipi miali ya jicho dogo ijaze mbingu mara tu tunapofumbua macho kutazama nyota?

Akapima. Aliweka taa kadhaa mbele ya tundu la chumba chenye giza. Kila taa ikatoa doa lake ukutani. Akiikinga moja, doa lake tu hutoweka. Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka na kuingia jichoni, iwe ya kibatari kilicho karibu au ya nyota ya mbali.

Umbali wenyewe ni hesabu ya akili. Mwezi wa kumi na nne ukichomoza huonekana kama sinia, ukifika utosini huwa kama kisahani. Jicho limepokea umbo la ukubwa ule ule. Akili ndiyo iliyokadiria vingine.

Baada ya kifungo aliishi karibu na al-Azhar, Cairo, akijikimu kwa kunakili vitabu hadi alipofariki takriban mwaka wa 1040. Ulaya ilimwita Alhazen, na kitabu chake kikapigwa chapa kwa Kilatini huko Basel mwaka wa 1572.

Aliyemhofia mtawala hakuwahofia wakubwa wa elimu: aliwasoma, akawanakili, kisha akawapima. Mtoto wako akirudi madrasa au shuleni na swali gumu, usimnyamazishe. Mpe taa na chumba cha giza.