Kalamu ya Salme, usukani wangu

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Vitongoji, najifunza gari ya mjomba. Kila nikiingiza rivasi, barazani kicheko. Mjomba mwenyewe hupiga kelele watoto waondoshwe njiani. Wiki hiyohiyo kijana mmoja aligonga mnazi, wakasema barabara mbovu. Mimi nikizima injini tu, basi ndio wanawake walivyo! Nikawa najifunza alfajiri, watu hawajatoka, na bado mkono unatetemeka kwenye gia.

Asubuhi hizo ndizo zilizonirudisha kwa Salme binti Said. Wengi tunamjua kwa moja tu, kwamba ni binti wa mfalme aliyeondoka na Mjerumani. Mimi kinachonivuta ni kalamu.

Alizaliwa 1844, jumba la Mtoni, Unguja. Baba yake Seyyid Said, mama yake Jilfidan, suria aliyetoka Kaukazi. Kaka yake Majid alimfundisha kupanda farasi na kutumia silaha, na hayo hayakuonekana tabu. Msahafu pia alisomeshwa. Lakini kuandika, hapana, mtoto wa kike hafunzwi. Salme akatafuta mfupa wa bega la ngamia, na kwa siri akawa ananakili herufi za msahafu mojamoja, mpaka mkono ukazoea.

Baba akafa 1856, Majid akatawala Unguja. Mwaka 1859 Barghash, ndugu yao, akataka kumpindua, na wenziwe wakahitaji mtu wa kuwaandikia barua. Ala! Kumbe sasa kalamu ya mwanamke inafaa. Msichana wa miaka 15 akawa karani wa njama. Waingereza wakamsaidia Majid, Barghash akapelekwa Bombay. Salme akapatana na Majid baadaye, na upande aliouandikia barua ukamnunia. Barghash alipokuwa Sultani naye akaja Unguja 1885, hakumpokea.

Aliondoka 1866 ana mimba, akaolewa na Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1870 mume akagongwa na tramu, akafa. Akabaki na watoto watatu, ugenini, mali ya kwao haipati. Mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu za maisha yake kwa Kijerumani. Simsifu kwa kila kitu. Kitabuni humo aliutetea utumwa, na sisi tuliokulia kwenye mikarafuu ya Pemba hilo hatulipiti kimyakimya. Ila bila ule mfupa wa ngamia, tungemjua kwa maneno ya wengine tu. Alifariki Jena, Ujerumani, 1924.

Siku tatu kabla sijarudi chuoni, mjomba alishikwa na tumbo usiku. Dereva wake simu haipatikani. Shangazi akanitupia ufunguo bila kusema neno. Mjomba alilala kiti cha nyuma, na njia nzima hadi hospitali hakuniambia nipunguze wala niongeze mwendo. Akatibiwa, tukarudi. Gari nikaliingiza uani kwa rivasi, mara moja tu, katikati ya minazi miwili. Ilikuwa saa tisa ya usiku, barazani hakuna hata paka.