Adrian Atiman: Daktari wa Karema Aliyesomeshwa kwa Sadaka



Sisi tuliokulia Kigoma tunazijua vizuri Dominika za matangazo marefu. Kuna zaka, kuna ujenzi wa kigango, kuna Utoto Mtakatifu, kuna seminari, na Oktoba inakuja sadaka ya Siku ya Kimisionari. Mama aliyeuza dagaa au mawese wiki nzima anafungua kitambaa chake, anatoa, anarudi kukaa. Fedha inaondoka na haoni ilikofika. Nimewahi kumsikia muumini akiuliza nje ya kanisa, bila hasira, kama fedha hiyo humfikia mtu yeyote. Kwa kuwa swali lake ni la haki, napenda kulijibu kwa maisha ya mtu mmoja wa ziwa letu, Adrian Atiman.

Atiman hakuzaliwa Tanganyika. Alizaliwa mnamo mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa bado mtoto mdogo alikamatwa na wateka watu karibu na kwao, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara kuelekea kaskazini. Hakuwaona tena wazazi wake. Katika masoko ya jangwani alikuwa bidhaa kama chumvi na ngozi.

Huko Algeria alikutana na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu waliwaita Mapadre Weupe. Shirika hilo lilianzishwa na Askofu Mkuu Lavigerie mwaka 1868 mjini Algiers, baada ya njaa kubwa iliyoacha yatima wengi. Mapadre walimkomboa Atiman kwa fedha, wakampeleka shule, akafundishwa na kubatizwa.

Fedha ile ilitoka wapi? Mapadre wenyewe hawakuwa matajiri. Kazi yao iliendeshwa kwa matoleo ya waamini wa parokia za Ulaya, hasa Ufaransa. Katika mji wa Lyon, miaka mingi kabla ya Atiman kuzaliwa, msichana aitwaye Pauline Jaricot aliwapanga wafanyakazi wa viwanda katika vikundi vya watu kumikumi. Kila mmoja alitoa senti kidogo kila wiki na kusali kwa ajili ya misioni. Mwaka 1822 mpango huo ulizaa Shirika la Kueneza Imani, na mwaka 1843 likafuata shirika la Utoto Mtakatifu ambalo watoto wetu wanalijua hadi leo. Ukitazama vizuri utaona kwamba vikundi vile havikuwa mbali na Jumuiya zetu Ndogo Ndogo. Walikuwa watu wachache wanaojuana kwa majina, wakitoa kidogo bila kukosa, kwa ajili ya mtu wasiyemjua.

Lakini tuwe wakweli, kwa maana sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa kutolikimbia swali gumu. Kumnunua mtumwa ili kumweka huru kunamwokoa mtoto mmoja, na papo hapo kunaweka fedha mkononi mwa muuzaji. Je, kesho hatakwenda kuteka mwingine? Lavigerie, akiwa tayari Kardinali, alitambua kwamba ukombozi wa mmoja mmoja hautoshi. Mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri kwamba biashara yenyewe ikomeshwe. Mwaka 1890 Papa Leo XIII aliagiza makanisa yote ya Kikatoliki yakusanye sadaka kila mwaka katika sherehe ya Tokeo la Bwana kwa ajili ya kupambana na utumwa Afrika. Hapo tunajifunza kwamba huruma inahitaji mambo mawili: kumwinua aliyeanguka, na kuuliza nani amechimba shimo.

Turudi kwa Atiman. Lavigerie alikuwa na wazo kwamba Afrika itainjilishwa na Waafrika wenyewe, na kwamba vijana waliokombolewa wafundishwe udaktari ili wawe waganga na makatekista. Hivyo kuanzia mwaka 1881 vijana wa Kiafrika walipelekwa kisiwa cha Malta, na Atiman akawa miongoni mwao. Alisoma udaktari huko hadi mwaka 1888, kisha akaanza safari ya kuja kwetu kupitia Zanzibar na Tabora. Alifika Karema mwaka 1889, akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu.

Karema ipo kusini mwa Kigoma, kwenye mwambao huu huu wa Ziwa Tanganyika, na leo ni sehemu ya Jimbo la Mpanda. Wabelgiji walijenga boma lao hapo mwaka 1879, na mwaka 1885 likakabidhiwa kwa wamisionari. Wakati huo Ujiji bado ilikuwa kituo kikubwa cha misafara, na mitumbwi ilivusha watumwa kutoka ng'ambo ya Kongo. Fikirini, ndugu zangu: kijana aliyewahi kufungwa kamba na kuuzwa analetwa mahali ambapo wengine wanafungwa kamba na kuuzwa. Angeweza kuwa na uchungu wa maisha. Badala yake alifungua zahanati.

Alifanya kazi hapo miaka 67. Si miaka sita, wala kumi na sita. Alitibu vidonda, homa na majeraha, akafundisha katekisimu, akaona Wajerumani wakija na kuondoka, akaona Waingereza wakitawala. Magonjwa ya mwambao, pamoja na malale yaliyoua watu wengi mwanzoni mwa karne iliyopita, yalimkuta kazini. Hakuwa padre wala mtawa. Alioa mwanamke wa huku, Agnes Wansahira, na mtoto wao Yosefu akapadirishwa mwaka 1923, miongoni mwa mapadre wa mwanzo wazalendo wa eneo lile. Mjukuu wa wazazi wa Tundurma walioporwa mtoto akasimama altareni Karema. Atiman alifariki mwaka 1956, mzee wa karibu miaka tisini, akazikwa na watu aliowatibu.

Hapa ndipo jibu la muumini wetu lilipo. Yule mfanyakazi wa Lyon aliyetoa senti yake hakulijua jina la Atiman. Hakuiona Karema, hata kwenye ramani. Alikufa akidhani labda sadaka yake imepotea njiani. Kumbe ilikuwa imempata mtoto mmoja, ikamsomesha, na mtoto huyo akatibu vizazi vitatu vya watu wa ziwa.

Nakiri pia jambo moja linalonigusa mimi mwenyewe. Mimi ninasomeshwa kwa sadaka. Wali ninaokula seminarini na vitabu ninavyosoma vimelipiwa na watu wanaovua usiku na kuanika dagaa mchana. Atiman hakulipa deni lake kwa kurudisha fedha Ufaransa. Alilipa kwa kuwahudumia watu wa Karema, ambao hawakuwa wamemdai chochote. Nadhani ndivyo deni la namna hii linavyolipwa, na namwomba Mungu nisilisahau.

Kwa upande wa parokia zetu, maisha haya yanatudai mambo mawili. Waamini, tutoe kwa moyo, hata kidogo, na bila kukosa, maana kidogo cha kila wiki ndicho kilichomsomesha daktari. Na sisi viongozi wa leo na wa kesho, tuwaeleze waamini kwa uwazi fedha imekwenda wapi na imefanya nini, kwa kuwa anayetoa kwa imani anastahili pia kupewa hesabu.

Safari nyingine utakapofungua kitambaa chako wakati wa matoleo, mkumbuke mtoto wa Tundurma. Huenda yupo mwingine anayesubiri, na wewe hutamjua kamwe.

Tumwombee Adrian Atiman, mkewe Agnes na wote waliowasaidia, wapumzike kwa amani. Amina.