Daktari aliyejifunza Kiganda ili ajue panapouma

Ukikaa kwenye benchi la wagonjwa wa nje pale Haydom, wilayani Mbulu, utasikia Kiiraki, Kidatoga, Kinyiramba, na siku nyingine Kihadzabe. Ndani ya chumba daktari anauliza kwa Kiswahili. Bibi aliyetoka Basotu, kule Hanang, anajibu neno moja tu: tumbo. Tumbo lote? Tangu lini? Mjukuu wa miaka kumi anatafsiri, na bibi hawezi kutaja mbele yake sehemu inayomuuma hasa. Anaondoka na vidonge vya tumbo.

Jambo hili si geni. Lilimsumbua Albert Cook, daktari aliyefika Uganda zaidi ya miaka 120 iliyopita, na namna alivyolishughulikia inakuhusu wewe unayekwenda kliniki wiki hii.

Cook alizaliwa London mwaka 1870, akasoma Cambridge na kumalizia udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's. Mwaka 1896 alijiunga na wamisionari wa Kanisa la Uingereza, na Februari 1897 akafika Mengo, Kampala, baada ya safari ndefu kutoka Mombasa, sehemu kubwa kwa miguu. Katika msafara huo alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, ambaye walioana mwaka 1900. Mwaka huohuo wa kufika walifungua hospitali ya matete na nyasi. Iliyofuata iliteketea kwa radi mwaka 1902, wakajenga ya matofali.

Fikiria alikuwa na nini mkononi. Eksirei ilikuwa imegunduliwa Ujerumani miaka miwili tu kabla ya hapo, na ile hospitali ya nyasi haikuwa nayo. Alikuwa na macho, mikono, na maswali. Maswali bila lugha ya mgonjwa hayafiki mbali, kwa hiyo Cook alijifunza Kiganda, kisha akaandika kitabu cha msamiati wa tiba na sentensi za kuzungumza na mgonjwa kwa lugha hiyo, ili madaktari waliomfuata wasianze gizani.

Daktari wako leo ana vipimo vingi zaidi, lakini bado anaanza hapohapo. Anataka kujua panapouma, tangu lini, kama maumivu yanahama, kama yanachoma, yanapwita au yanasokota, ni nini huyazidisha na nini huyatuliza, na kama yanakuamsha usiku. Hata Kiswahili chetu kina mitego. Mtu akisema chembe cha moyo kinauma, huonyesha chini ya kifua, na mara nyingi shida ni tumbo. Lakini mara nyingine ni moyo kweli, hasa kama kuna jasho jingi na maumivu yanayopanda shingoni au mkononi. Hapo usisubiri kesho. Weka kidole mahali penyewe, kinasaidia kuliko jina.

Cook alikuwa mtu wa kuandika. Kila mgonjwa alikuwa na kumbukumbu zake, na majalada ya Mengo yamehifadhiwa hadi leo Chuo Kikuu cha Makerere. Mwaka 1901 yeye na ndugu yake Jack, daktari pia, waliwatambua Mengo wagonjwa wa kwanza wa malale, ugonjwa uliokuja kuua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo daktari akiandika huku unaongea, usidhani hakusikilizi. Na daftari lako la kliniki usiliache nyumbani.

Katharine naye alikuwa na kazi yake, na kwa maoni yangu haisifiwi vya kutosha. Alianzisha Mengo mafunzo ya wakunga, wanawake wa palepale, na yeye na mumewe waliandika kitabu cha ukunga kwa Kiganda. Mama mwenye uchungu alipata mtu wa kumwambia panapouma bila mkalimani.

Mtoto mchanga hana lugha kabisa, hivyo mkalimani wake ni wewe mzazi. Kukunja miguu tumboni, kukataa ziwa, kushika sikio, kulia akiguswa: mweleze daktari yote uliyoyaona. Mtoto anayelia anatuhangaisha, lakini aliyenyamaza ghafla, mlegevu, anaweza kuwa mgonjwa zaidi. Na wenye watoto wa kiume, sikilizeni. Kijana anaweza kusema tumbo kwa aibu, kumbe korodani imejinyonga. Zikipita saa sita hivi, uwezekano wa kuiokoa hupungua sana. Baba amuulize, faraghani, usiku uleule.

Kuhusu dawa: aspirini usimpe mtoto bila kuambiwa na daktari, na parasetamoli hupimwa kwa uzito wake. Diklofenaki za kununua dukani kila wiki kwa ajili ya mgongo zinaweza kutoboa tumbo na kuharibu figo. Ulichokunywa, pamoja na mizizi ya mzee wa kijijini, kitaje. Daktari hakuulizi ili akugombeze.

Cook alistaafu mwaka 1934 na hakurudi Uingereza kuishi. Alifariki Kampala mwaka 1951, miaka minne kabla hospitali ya Haydom haijafunguliwa.

Bibi wa Basotu akirudi, asindikizwe na binti yake mkubwa au shangazi, si mjukuu. Kama hakuna, aombe muuguzi anayejua Kidatoga kabla hajaingia chumbani.