Ernst Reuter, meya aliyeiongoza Berlin mipaka ilipofungwa

Juni 24, 1948, majeshi ya Urusi yalifunga barabara, reli na njia za maji zilizopitisha mizigo kuingia Berlin Magharibi. Zaidi ya watu milioni mbili wakabaki bila njia ya nchi kavu ya kupata unga na makaa ya mawe. Ugomvi uliowasha moto huo ulikuwa wa fedha: Marekani, Uingereza na Ufaransa zilileta sarafu mpya, Deutsche Mark, na Urusi haikuitaka mjini humo.

Kiongozi aliyesimama na wakazi hao alikuwa Ernst Reuter wa chama cha SPD.

Alizaliwa mwaka 1889 Apenrade, mji uliokuwa wa Ujerumani na ambao tangu 1920 uko Denmark. Alijiunga na SPD mwaka 1912. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitekwa na Warusi, akajifunza lugha yao, na baada ya mapinduzi akakabidhiwa kuongoza Wajerumani wa eneo la Mto Volga. Aliporudi kwao akawa katibu mkuu wa Chama cha Kikomunisti, lakini alifukuzwa mwaka 1922 kwa kupinga chama kuendeshwa kutoka Moscow. Akarejea SPD.

Mwaka 1926 alipewa idara ya usafiri ya Berlin. Tramu, mabasi na treni za chini ya ardhi zilikuwa za kampuni mbalimbali. Aliziunganisha kuwa shirika moja, BVG, abiria akatumia tiketi moja. Mwaka 1931 akawa meya wa Magdeburg. Wanazi walimwondoa mwaka 1933 na kumfunga mara mbili. Mwaka 1935 alikimbilia Uturuki, akafundisha mipango miji Ankara hadi 1946.

Juni 1947 madiwani wa Berlin walimchagua meya. Warusi walikataa kumtambua, kwani walimjua kama mkomunisti aliyewaasi. Louise Schroeder akakaimu nafasi hiyo.

Wakati wa kufungwa kwa njia, Warusi waliahidi chakula kwa yeyote ambaye angejiandikisha upande wa mashariki. Wengi walikataa, wakavumilia giza na baridi. Septemba 9, 1948 Reuter aliuhutubia umati wa watu wapatao 300,000, akiiomba dunia isiuache mji huo. Ndege za Marekani na Uingereza zilileta takriban tani milioni 2.3 za mizigo, sehemu kubwa makaa ya mawe. Mei 12, 1949 njia zilifunguliwa, Reuter akiwa tayari meya wa Berlin Magharibi.

Alifariki Septemba 29, 1953, akiwa na miaka 64, mji wake ukiwa bado umegawanyika na una sarafu mbili. Leo uwanja mmoja mkubwa wa Berlin una jina lake, na treni za BVG husimama hapo.